Kati ya Titi na Kinywa

Namna nilivyofika Utajo haina mafunzo kwa mtu yeyote, kwa hiyo naiacha. Itoshe kusema kwamba nilifika mzima, nikapokewa vizuri, na katika nchi zote nilizotembea sijaona nyingine ambayo watu wake wanalicha jambo moja kiasi kile. Jambo lenyewe ni jina.

Kwa Watajo, kisichotajwa hakipo. Usidhani ni methali. Ni sheria, tena ndiyo ya kwanza. Kila ugonjwa, kila jeraha, kila dawa na kila msaada ambao mganga au muuguzi anaweza kumpa mtu una jina lake maalumu, nao huliita tajo. Muuguzi akimaliza kazi hutamka tajo la alichokiona na tajo la alichokitenda. Mchongaji huyachonga kwenye kibao kidogo cha mti, na kibao hutundikwa katika Jumba la Majina. Hapo ndipo mgonjwa anapohesabiwa kuwa aliugua na kuwa alitibiwa. Kabla ya hapo, mbele ya sheria, amejilaza tu.

Nilifikia kwa Bi Saumu, muuguzi wa wazazi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini na kicheko cha ghafla. Asubuhi ya kwanza alinipeleka kuliona Jumba, kama wenyeji wa kwingine wanavyompeleka mgeni kuona maporomoko ya maji. Nami nakiri sijawahi kusimama mbele ya kazi ya mikono ya binadamu nikajiona mdogo hivyo. Kuta mbili zilielekeana, zikapanda juu hadi shingo yangu ikachoka kuzifuata. Zote zilikuwa zimefunikwa vibao, na upepo ulipopita vibao viligongana vikatoa sauti kama mvua ya mbali inayokuja juu ya migomba.

"Ukuta wa kulia ni wa wakubwa, na kina mama wamo humo," Bi Saumu aliniambia. "Wa kushoto ni wa watoto. Soma chochote."

Nikasoma. Palikuwa na tajo la mtu aliyeangukiwa na fenesi, na jingine la aliyeangukiwa na fenesi la jirani. Palikuwa na tajo la aliyedonolewa na kuku akiwa amesimama, na la aliyedonolewa akiwa amechuchumaa, na la aliyedonolewa kwa mara ya pili na kuku yuleyule. Nilicheka. Bi Saumu hakucheka.

"Dada, wewe unaona kuku," alisema. "Tazama pale chini, penye vibao vilivyobanana."

Akanieleza kwamba miaka ya nyuma watoto wa mji mmoja walianza kuharisha, na kila mama alidhani ni balaa la nyumba yake peke yake. Wachongaji ndio walioona tajo moja likijaa sehemu moja ya ukuta, kama nyuki wanaotua tawini. Wakafuata majina hadi mitaani, wakakuta nyumba zote zile zinachota kisima kimoja. Kisima kikafukiwa, na watoto wakaacha kufa.

"Ukuta uliona ambacho hakuna mama aliyekiona," alisema. Tangu hapo sikucheka tena ndani ya jengo lile.

Tulipotoka alikuwa na mzazi wa kumtembelea, akaniomba nifuatane naye. Mzazi aliitwa Mwanakheri, binti mdogo wa uso mpana, na huyo alikuwa mtoto wake wa kwanza. Mama yake mzazi alikwisha kufariki. Aliyekuwa akimuuguza ni mkwewe, Bi Kazija, mwanamke mwenye maneno mengi na huruma nyingi zaidi ya maneno. Mtoto alikuwa wa kike, kitovu chake hakijadondoka. Alilia kilio chembamba, kilio cha kiumbe kinachobana nguvu zake. Kila alipowekwa titini alidaka ncha ya chuchu, akafyonza kidogo, akaachia, akageuza kichwa. Mwanakheri aliuma ukingo wa kanga kwa maumivu. Maziwa yalikuwa yakidondoka yenyewe, yakilowesha nguo hadi magotini.

Bi Saumu alikuwa na uzi mweupe kwenye kifundo cha mkono, alama ya muuguzi wa wakubwa. Alimpima Mwanakheri kwa vidole vyenye utaratibu, kisha akamtamkia mchongaji aliyengoja kizingitini: "Titi Zima. Maziwa Tele." Mchongaji akachonga.

Halafu Bi Kazija akambeba mtoto hadi mtaa wa pili, kwa muuguzi mwenye uzi mwekundu, wa watoto. Aliporudi alitusimulia. Yule naye alikuwa ameufungua mdomo wa mtoto, akautazama ulimi, akaupima mfyonzo kwa kidole, akatamka: "Kinywa Kizima. Ulimi Huru."

"Titi zima, kinywa kizima," alisema Bi Kazija, akiketi kwa kishindo. "Wote wazima, na mtoto anakufa kwa njaa. Huu ni uzima wa namna gani, Bi Saumu?"

Bi Saumu alimtazama mtoto, nikajua kwamba anajua. Nikamuuliza kwa sauti ndogo kuna kasoro gani.

"Hakuna kasoro kwa mama wala kwa mtoto," alisema. "Kasoro iko wanapokutana. Anaishika ncha tu. Akisogezwa, akasubiriwa apanue, akaingizwa kidevu kwanza, atanyonya."

"Basi msogeze."

Akauinua mkono wake wenye uzi mweupe ili niuone. "Mwili mmoja, muuguzi mmoja, tajo moja. Nikimshika mama, nina tajo. Mwenzangu akimshika mtoto, ana tajo. Kuwashika wote wawili kwa pamoja hakuna tajo, dada. Ni jambo ambalo halipo."

Akaniambia habari za rafiki yake, muuguzi wa mtaa wa wafinyanzi, aliyewahi kuthubutu. Mtoto alishiba. Muuguzi alipoulizwa ametenda nini, akajibu, "Nimewakutanisha." Wachongaji wakatafuta ukutani, hawakuliona neno hilo. Baraza likaamua kwamba asubuhi nzima hakufanya lolote, na kwamba kutofanya lolote huku ukionekana unafanya ni uongo wa mikono. Wakamkata uzi. Mtaa wa wafinyanzi haujapata muuguzi mwingine wa wazazi hadi leo.

"Na huyu?" nikauliza, nikimwonyesha Bi Kazija. "Si unaweza kumwelekeza kwa maneno, yeye afanye kwa mikono?"

Bi Kazija mwenyewe ndiye aliyejibu, kwa uchungu. "Mkwe ana tajo lake, mwanangu. Ndani yake mna kupika uji, kuogesha mtoto, kumkanda mzazi mgongo na kulalamika. Kumweka mtoto titini hamna. Nimesoma mwenyewe, juu hadi chini."

Mwanakheri peke yake ndiye aliyeruhusiwa, naye alikuwa amejaribu mara nyingi. Alihitaji mkono wa tatu, nao mkono wa tatu ulikuwa umekatazwa.

Kilichokuwa na tajo, tena la herufi kubwa, kilikuwa mkebe wa maziwa ya unga. Bi Kazija alitamka tu jina lake mlangoni, na mkebe ukafika kabla hajafunga mlango. Sijaona nchi ambayo kitu kinakwenda kasi namna ile. Mwanakheri akautazama, akausukuma kando.

"Maziwa yangu yanamwagika chini, mama, halafu mwanangu anywe ya kopo? Kama ningekuwa sina, ningekubali. Lakini ninayo."

Bi Saumu akamwelekeza ayakamue kwa mkono wake mwenyewe ndani ya kikombe, amnyweshe mtoto kidogo kidogo kwa kijiko. Hilo lilikuwa halali, kwa kuwa kila mtu alikuwa anashika kilicho chake. Mtoto akameza, rangi ikamrudia kidogo. Lakini sote tuliona kwamba hapo ni kuvuta muda. Titi lilikuwa linakuwa gumu kama embe bichi, na yule mdogo alikuwa anasahau kutafuta.

Bi Saumu akasimama. "Twendeni Jumbani," alisema. "Tukaombe tajo jipya."

Baraza la Jumba hukaa katikati ya zile kuta mbili, juu ya mikeka, wazee wa ule ukuta wa wakubwa, ambao kwa mambo ya uzazi huitwa Ukuta wa Mama, upande wao na wazee wa Ukuta wa Mtoto upande wao. Kati yao kuna nafasi wazi ya sakafu ambayo hakuna anayeikalia. Mkuu wao alikuwa mwanamke, Bi Nargisi, aliyeyajua matajo yote ya kuta zote mbili kwa moyo, jambo ambalo inasemekana hakuna mwingine aliyelifikia. Alikuwa mnene, mwenye miwani, na alisikiliza huku amefumba macho.

Bi Saumu alieleza haja yake kwa maneno machache. Ndipo nikasikia mjadala ambao sitausahau.

Bwana Fumo, msomi wa Ukuta wa Mama, alianza. Alisema maziwa ni ya mama tangu yanapotengenezwa hadi yanapotoka kwenye chuchu, hivyo taabu yoyote ya maziwa ni taabu ya mama, na mama huyu amekwisha kuthibitishwa mzima. Bwana Shali, msomi wa Ukuta wa Mtoto, akajibu kwamba maziwa ni ya mtoto tangu yanapogusa mdomo, na mdomo huu umekwisha kuthibitishwa mzima. Bwana Fumo akauliza: chuchu ikiwa ndani ya kinywa, iko ndani ya mtoto au bado iko nje ya mama? Bwana Shali akasema hilo ni swali zito. Wakalichukua. Walilipandisha na kulishusha, wakataja hukumu za wasomi waliokufa, wakapima urefu wa mdomo na unene wa mdomo, wakagawanya tone moja la maziwa sehemu ambazo sikujua tone linazo. Na walikuwa hodari! Sijawahi kusikia akili mbili zikipigana mweleka kwa ustadi na adabu namna ile. Wachongaji waliacha kuchonga wakawasikiliza midomo wazi. Ukumbi mzima ulisahau kwamba mtoto ana njaa, hadi mtoto mwenyewe alipowakumbusha.

Bi Nargisi akafumbua macho. "Sheria mnaijua," alisema. "Hakuna tajo jipya mpaka jambo lishuhudiwe likitendeka mbele ya baraza hili."

"Ndivyo," walisema wote wawili.

"Na hakuna ruhusa ya kutenda jambo mpaka liwe na tajo."

"Ndivyo."

Nilimwona Bwana Shali akiuona ukuta aliouegemea maisha yake yote. Hakuwa mtu mbaya. Alivua kofia yake akaishika mapajani.

Bi Nargisi akanigeukia mimi. "Na wewe, mama? Sikujui. Una tajo?"

Nikasema mimi ni mgeni, sijachongewa kitu.

"Mgeni asiye na kibao," alisema polepole, kama anayeonja mchuzi, "kwa sheria hayupo. Tumekuwa tukiwaambia hivyo wageni kila wanapodai malazi. Asiyekuwapo hatendi. Asiyetenda havunji sheria." Akamtazama Bi Saumu. "Maneno hayakatazwi. Muuguzi anaweza kusema. Mikono ya mtu asiyekuwapo inaweza kusikia."

Bwana Fumo alisogeza mkeka wake kando.

Mimi sijazaa. Nilikuwa nimemshika mtoto mchanga labda mara moja, tena akiwa amefungwa vizuri na mtu mwingine. Nilisema hivyo. Bi Saumu akaniambia, "Vizuri, dada. Hutakuwa na cha kusahau."

Mwanakheri alikaa chini katika ile nafasi isiyokaliwa. Kwa kuwa palikuwa na wanaume, Bi Kazija alitufunika kwa kanga pana, nikabaki mimi na mama na mtoto chini ya kitambaa, katika mwanga mwekundu wa jua linalopita kwenye nguo. Nje nilisikia pumzi za watu na sauti ya Bi Saumu.

"Mgeuze mtoto, tumbo lake liguse la mama. Asikunje shingo. Umefanya?"

"Nimefanya."

"Shika mabega yake, si kisogo. Pua yake iko wapi?"

"Imeelekea chuchu."

"Hapo hapo. Usimsukume. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, umsubiri."

Nikasubiri. Mtoto akafungua mdomo kidogo. Nikataka kumsogeza, Bi Saumu, ambaye hakuwa akiniona, akasema, "Bado." Jasho la Mwanakheri lilikuwa likidondoka juu ya mkono wangu. "Naogopa kuumia," alininong'oneza. Nikamwambia nami naogopa. Akacheka kidogo, mabega yake yakashuka, na labda ni kule kushuka kwa mabega ndiko mtoto alikokuwa anakungoja. Akapanua kinywa kama anayepiga miayo.

"Amepanua!"

"Kidevu kwanza. Mlete kwa mama. Sasa!"

Nikamleta. Kidevu kikazama, mdomo wa chini ukapinduka nje, sehemu kubwa ya weusi wa titi ikapotea kinywani. Mtoto akatulia kabisa, nikadhani nimemziba pumzi. Kisha taya likaanza. Haraka haraka kwanza, kama anayebisha hodi, halafu likapunguza mwendo, likawa pana na zito, nami nikalisikia likitembea chini ya kidole changu hadi nyuma ya sikio lake. Mwanakheri hakuuma kanga. Alikuwa amefumbua macho yote, akimtazama mtoto kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

Na kisha akameza.

Ni sauti ndogo. Sijui niiandikeje, ni kama mtu anayesema "ka" bila kutoa sauti. Lakini watu wa nje walikuwa kimya, na kuta zile zilijengwa ili jina linalotamkwa chini lisikike juu. Ikapanda. Akameza tena, na tena. Upepo ulikuwa umekufa, vibao vyote vimetulia, na katika jengo lile lenye majina ya kila kitu palikuwa na sauti moja tu, isiyo na jina. Nilipiga magoti pale chini ya kanga, mgongo ukiniuma, nikihofia kuhema. Nimeona milima ikitoa moshi. Haikunifanyia hivyo.

Mwishowe akalegea, ngumi zikafunguka na titi likamtoka lenyewe mdomoni. Bi Kazija alikuwa analia waziwazi bila kujifuta.

Bwana Fumo alikohoa, kwa kuwa kazi yake ilimtaka akohoe. "Kwa heshima," alisema, "aliyetenda hayupo. Basi jambo hili halikutendeka."

"Sawa," alisema Bi Nargisi. "Basi niambie, Bwana Fumo, mtoto amemeza nini?"

Alifikiri kwa uaminifu. Nilimheshimu kwa hilo. Mwishowe alisema, "Mimi nimesikia akimeza."

Bi Nargisi akamwita mchongaji akamtamkia tajo jipya: Makutano. Ukazuka ubishi wa papo hapo, litundikwe ukuta gani. Bi Nargisi hakuwaachia walipandishe na kulishusha. Aliamuru boriti ilazwe kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, na kibao kining'inie katikati. Kwa kibali hicho, muuguzi wa uzi wowote anaweza kuwashika mama na mtoto kwa pamoja, na kitendo chake kikawapo. Bi Saumu aliisikiliza hukumu ile amesimama wima. Kisha akaketi palepale sakafuni, akacheka kicheko chake cha ghafla hadi wazee wakaanza kucheka naye.

Sitaki msomaji adhani kwamba nchi ile ilibadilika ikawa nyingine. Nilikaa huko hadi mavuno yalipokwisha, na kabla sijaondoka Makutano yalikwisha kuzaa. Palikuwa na Makutano ya Titi la Kulia na ya Kushoto, Makutano ya Kukaa na ya Kulala, Makutano ya Kwanza na ya Kurudia, na kamati ilikuwa inakaa juu ya Makutano ya Mapacha. Boriti ilikwisha kuongezwa nguzo. Bi Saumu alilalamika kwamba anatamka kwa muda mrefu kuliko anavyouguza. Lakini alilalamika akiwa njiani kwenda mtaa wa wafinyanzi, ambako rafiki yake alikuwa amefungwa uzi mpya. Wachongaji nao waliniambia jambo lililonitia baridi mwilini: boriti ilikuwa inajaa kwa kasi ambayo hawajaiona kwenye ukuta wowote. Watoto wote hao walikuwapo siku zote.

Bi Nargisi aliniita akaniuliza kama nataka kuchongewa kibao, niwepo. Alinionya kwamba nikiwapo, basi nilitenda kabla ya kuruhusiwa, na itabidi nishtakiwe. Nikasema afadhali nisiwepo. Alikubali kwamba hiyo ndiyo busara. Kwenye kibao cha kwanza kabisa cha Makutano, pale panapochongwa mkono uliotenda, pameachwa mti mtupu.

Siku ya kuondoka nilipita kwa Mwanakheri kumuaga. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka uani, anabishana na mkwewe kuhusu samaki wa mchana. Bi Kazija alisema chumvi imezidi; Mwanakheri akasema haijazidi, ila mama ulimi wake umezoea uji wa wazazi. Mtoto alijinyonganyonga, akaguna. Mwanakheri alimnyanyua kwa mkono mmoja, akamgeuza tumbo kwa tumbo, akangoja kidogo, akamleta. Mtoto akashika. Taya likaanza kwenda, pana na zito.

"Haijazidi, mama," alisema Mwanakheri. "Onja tena kipande cha mkiani."

Wala hakutazama chini.